Wanafunzi wa sekondari mjini Stockholm hufundishwa nini katika fizikia?

Kwa kawaida, kila tarehe 10 Desemba mfalme wa Uswidi huwakabidhi washindi Tuzo za Nobel katika ukumbi wa Konserthuset, katikati ya jiji la Stockholm. Tuzo inayotangulia nyingine zote ni ile ya fizikia, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa kwanza katika wasia wa Alfred Nobel, mzaliwa wa jiji hilo aliyefariki dunia siku kama hiyo mwaka 1896. Lakini katika jiji hilohilo wapo vijana ambao kwao fizikia si habari ya medali wala ya karamu. Ni somo la darasani, lenye alama inayoweza kuamua iwapo mtu atakuwa daktari, mhandisi, au atatafuta njia nyingine ya maisha.

Miongoni mwa vijana hao wamo watoto wa familia zilizohamia Uswidi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi na mashariki ya Kongo. Wengine walizaliwa huko huko. Wengine walifika wakiwa na umri wa miaka 14 au 16, baada ya kusoma kwanza kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza, na wakalazimika kuanza upya kwa Kiswidi. Kwa wazazi wao, swali la kujua somo hili linafundisha nini hasa ni swali lenye uzito.

Alama moja, milango mingi

Elimu ya lazima nchini Uswidi humalizika katika darasa la 9, mwanafunzi akiwa na umri wa miaka 15 au 16. Katika madarasa ya 7 hadi 9, fizikia husomwa pamoja na kemia na baiolojia. Alama hutolewa kwa herufi, kuanzia A hadi F. Alama ya E ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu, na F ni kushindwa.

Anayetaka kujiunga na mkondo wa sayansi asilia au ule wa teknolojia katika sekondari ya juu, ambayo Waswidi huiita gymnasium, hana budi awe amefaulu masomo 12. Kati ya hayo ni Kiswidi au Kiswidi kama lugha ya pili, Kiingereza, hisabati, na sayansi zote tatu, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Maana yake ni kwamba kijana aliyepata A katika hisabati lakini akashindwa fizikia hawezi kuingia moja kwa moja katika mikondo hiyo miwili.

Mlango huo ukifungwa, na mingine iliyo mbele yake hufungika. Masomo ya udaktari katika vyuo vikuu vya Uswidi, na yale marefu ya uhandisi katika Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, KTH, huhitaji fizikia ya ngazi ya pili ya sekondari ya juu. Ndiyo sababu walimu huwasihi wazazi wasisubiri hadi darasa la 9 ndipo waulize maendeleo ya mtoto.

Sekondari ya juu huchukua miaka mitatu. Katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2011, mkondo wa sayansi asilia ulikuwa na jumla ya pointi 2,500, na kati ya hizo kozi ya kwanza ya fizikia ilichukua 150 na ya pili 100. Kwa wanafunzi walioanza kuanzia vuli ya mwaka 2025, kozi zimegeuzwa kuwa ngazi za somo moja, na alama ya mwisho hutolewa kwa somo badala ya kozi mojamoja. Mada zinazoelezwa hapa ndizo zilizopangwa katika mtaala wa mwaka 2011.

Mwendo, kani na breki katika barafu

Kozi ya kwanza huanza na mwendo. Mwanafunzi hufundishwa kutofautisha kasi, ambayo ni wepesi wa kwenda, na mchapuko, ambao ni jinsi kasi inavyobadilika kwa kila sekunde. Mfano hauko mbali. Jiji la Stockholm lina reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1950 na yenye vituo 100. Chukulia kwamba treni inaondoka kituoni ikiwa imesimama, na baada ya sekunde 20 inakwenda kilomita 72 kwa saa. Kilomita 72 kwa saa ni sawa na mita 20 kwa sekunde. Kwa hiyo kila sekunde iliongeza mita moja kwa sekunde, na huo ndio mchapuko wake.

Abiria aliyesimama huhisi kana kwamba anasukumwa nyuma. Fizikia humwambia kwamba hakuna anayemsukuma. Mwili wake ulikuwa umetulia na ungependa kuendelea kutulia, ilhali sakafu ya treni inakwenda mbele. Akiwa na uzani wa kilo 60, atahitaji kani ya nyutoni 60 kutoka kwa nguzo aliyoishika ili aende pamoja na treni. Hiyo ni kanuni ya Isaac Newton, na mwanafunzi anaweza kuihisi kila asubuhi akienda shule.

Somo hilohilo huhusu usalama wa barabarani. Gari lenye uzani wa kilo 1,000 linalokwenda mita 10 kwa sekunde hubeba nishati ya mwendo ya jouli 50,000. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati haiongezeki mara mbili bali mara nne, hufikia jouli 200,000. Breki zikiwa ni zilezile, gari huhitaji umbali mara nne ili lisimame. Barafu ikitanda, msuguano kati ya tairi na barabara hupungua, na umbali huo huwa mrefu zaidi. Ndiyo maana sheria ya Uswidi huyataka magari yawe na tairi za majira ya baridi kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi, pale barabara inapokuwa na theluji au barafu. Hesabu hiyo haibadiliki kwa dereva wa bodaboda wa Kampala au wa daladala wa Mwanza. Kinachobadilika ni barabara tu.

Joto la abiria halipotei bure

Sehemu ya pili ni nishati. Hapa mwanafunzi hukutana na neno la kawaida lililopewa maana mpya: kazi. Katika fizikia, kazi hufanyika pale kani inapokisogeza kitu kuelekea upande wa kani hiyo. Mtu anayeinua ndoo ya lita 20 ya maji kutoka chini hadi kichwani, kimo cha mita 1.6, amefanya kazi ya jouli zipatazo 314. Lakini akisimama kimya na ndoo hiyo kichwani kwa saa nzima akingoja basi, hajaifanyia ndoo kazi yoyote kwa maana ya kifizikia, hata shingo ikimwuma namna gani. Wanafunzi wengi hulipinga jambo hili mara ya kwanza, na mabishano hayo ni sehemu ya somo.

Kanuni kuu ni kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hugeuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Stockholm ina mfano wake. Binadamu aliyetulia hutoa joto la wati zipatazo 100, kiasi cha balbu moja ya zamani. Watu 1,000 wakikusanyika mahali pamoja hutoa takriban kilowati 100. Katika kituo kikuu cha reli cha Stockholm, ambako hupita umati mkubwa wa abiria kila siku, joto linalokusanyika katika hewa ya jengo huvutwa na mitambo ya hewa, hupasha maji, na maji hayo husukumwa kwa mabomba hadi katika jengo jirani la ofisi liitwalo Kungsbrohuset, na kusaidia kulipasha joto.

Mwanafunzi huulizwa swali la pili lililo gumu zaidi. Ikiwa nishati haipotei, kwa nini dunia izungumzie uhaba wa nishati? Jibu ni kwamba nishati inapogeuka huelekea kutawanyika na kuwa joto hafifu ambalo ni vigumu kulitumia tena. Joto la abiria ni la aina hiyo. Ili liwe na faida huhitaji mitambo, na mitambo hiyo nayo hula umeme.

Mkondo wa maji, mkondo wa umeme

Katika sehemu hiyo hiyo umo umeme: chaji, volti, mkondo na ukinzani. Stockholm imejengwa juu ya visiwa, mahali ambapo maji ya ziwa Mälaren humwagika katika Bahari ya Baltiki. Maji yapitayo kwa kasi kando ya jumba la mfalme huitwa Norrström, na neno la Kiswidi ström humaanisha mkondo wa mto na pia mkondo wa umeme. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo: mkondo wa maji, mkondo wa umeme.

Mfanano huo humsaidia mwanafunzi. Maji hukimbia kwa sababu ziwa liko juu kidogo kuliko bahari. Tofauti hiyo ya kimo ni mfano wa volti. Wingi wa maji yanayopita kwa sekunde ni mfano wa mkondo. Mawe na wembamba wa njia ni mfano wa ukinzani. Anayejua Kiswahili na akapewa nafasi ya kufikiri kwa Kiswahili hana haja ya kuanza na ukurasa mtupu.

Lakini si kila neno hukubali urafiki wa namna hiyo. Kiswidi kina maneno mawili, fart na hastighet. La kwanza hutaja kasi peke yake, na la pili hutaja kasi pamoja na upande inakoelekea. Neno spänning humaanisha volti, na pia ule mshikemshike wa moyo mtu anapotazama mechi ya fainali. Mtoto aliyejifunza Kiswidi uwanjani huweza kulijua neno kwa maana ya pili na akaukosa mtihani kwa kutoijua ya kwanza.

Viatu vilivyopiga kengele

Sehemu ya tatu huhusu mnururisho katika tiba na teknolojia, na hapa historia ya karibu hutoa fundisho. Asubuhi ya tarehe 28 Aprili 1986, mfanyakazi wa kinu cha nyuklia cha Forsmark, kaskazini ya Stockholm, alipita katika mtambo wa kupima mionzi na kengele ikalia. Ajabu ni kwamba hakuwa akitoka katika eneo la kinu. Viatu vyake vilikuwa vimekanyaga nje. Hofu ya kwanza ilikuwa kwamba Forsmark inavuja. Vipimo vilionyesha kwamba vumbi hilo lilikuwa limeletwa na upepo na mvua kutoka mbali. Jioni ya siku hiyo, serikali ya Muungano wa Kisovieti ilitangaza kwamba kumetokea ajali katika kinu cha Chernobyl, umbali wa takriban kilomita 1,100.

Kutokana na tukio hilo wanafunzi hufundishwa nusu maisha, yaani muda ambao nusu ya atomi za kitu chenye mionzi huwa zimekwisha kubadilika. Iodini 131 ina nusu maisha ya siku 8, kwa hiyo hatari yake ilikwisha kwa miezi michache. Sizi 137 ina nusu maisha ya miaka 30. Iliyoanguka katika misitu ya Uswidi mwaka 1986 ilibaki nusu mwaka 2016, na itabaki robo mwaka 2046. Mwanafunzi hujionea kwamba neno moja, mionzi, linaweza kuwa na maana ya siku au ya vizazi.

Upande wa tiba hausahauliwi. Tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia, mwaka 1901, ilikwenda kwa Wilhelm Röntgen wa Ujerumani, aliyevumbua miale ya eksirei. Miale ya jamii hiyo, ambayo ikipita kiasi huudhuru mwili, ndiyo huonyesha mfupa uliovunjika, na mionzi mikali iliyolengwa kwa uangalifu huua seli za saratani. Darasa hujadili kipimo, umbali na kinga.

Kipimajoto kilichopinduliwa

Sehemu ya nne ilikuwa hali ya hewa na tabia ya nchi. Mwaka 1742, mtaalamu wa nyota Anders Celsius wa mji wa Uppsala, karibu na Stockholm, alipendekeza kipimo chenye sehemu 100 kati ya maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka. Lakini yeye aliweka sifuri penye kuchemka na 100 penye kuganda. Baada ya kifo chake mwaka 1744 kipimo kilipinduliwa, kikawa kama kinavyotumika leo.

Celsius alijua pia kwamba maji hayachemki katika joto moja kila mahali, kwa sababu hutegemea kanieneo ya hewa. Mpishi wa Nairobi, jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemsha maji katika nyuzi 94 hadi 95 hivi, na ndiyo sababu maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva huko kuliko Mombasa, mengine yote yakiwa sawa.

Tangu mwaka 1756, halijoto ya Stockholm imekuwa ikipimwa kila siku katika kilima cha kituo cha zamani cha kutazamia nyota. Ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa za aina hiyo duniani. Wanafunzi hufundishwa kwamba takwimu hizo haziwezi kusomwa hivi hivi tu, maana jiji limekua kuzunguka kilima hicho, na majengo na barabara huongeza joto. Kwanza hurekebishwa, kisha hulinganishwa.

Mwaka 1896, Svante Arrhenius, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Stockholm ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Stockholm, alichapisha hesabu alizozifanya kwa mkono. Alionyesha kwamba hewa ya kaboni dioksidi ikiongezeka mara mbili angani, dunia ingepata joto zaidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Hesabu za sasa hutoa kiasi kidogo kuliko hicho, lakini njia yake ilikuwa sahihi. Miaka 125 baadaye, mwaka 2021, nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa Syukuro Manabe na Klaus Hasselmann kwa kazi yao ya kutabiri ongezeko la joto duniani. Kwa msikilizaji anayeutazama mlima Kilimanjaro ukipungukiwa na barafu yake, somo hilo si la nchi za baridi peke yake.

Ngazi ya pili: kutoka sumaku hadi nyota

Anayeendelea na kozi ya pili hukutana na mwendo wa mviringo, mawimbi ya sauti na ya mwanga, sumaku na umeme, kisha ulimwengu wa nyota. Katika sumaku, jina la Hannes Alfvén hutajwa kwa fahari. Alikuwa profesa wa KTH mjini Stockholm na alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa kueleza jinsi gesi zenye umeme zinavyoenenda ndani ya uga wa sumaku. Gesi za namna hiyo hutoka katika jua, na zinapofika karibu na dunia huwasha zile taa za kijani zinazoonekana katika anga la kaskazini.

Katika sehemu ya nyota, wanafunzi hufundishwa namna wanasayansi wanavyozigundua sayari zinazozunguka nyota nyingine bila kuziona. Sayari ikipita mbele ya nyota, mwanga wa nyota hupungua kidogo. Sayari ikiivuta nyota huku na huku, rangi ya mwanga hubadilika kidogo. Kwa ugunduzi uliofanywa kwa njia hiyo ya pili, Michel Mayor na Didier Queloz walipewa sehemu ya tuzo ya mwaka 2019.

Shule nyingi za jiji huwapeleka wanafunzi katika Vetenskapens Hus, yaani Nyumba ya Sayansi, kituo kinachoendeshwa na KTH na Chuo Kikuu cha Stockholm. Huko hutumia vifaa ambavyo shule ya kawaida haina. Kwa mzazi aliyesoma fizikia kwa kunakili michoro ya majaribio ubaoni, bila ya kugusa chombo chochote, tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa wanaochelewa kufika

Kijana anayefika Uswidi akikaribia mwisho wa elimu ya lazima, bila ya sifa za kujiunga na mkondo wa kawaida, huanza katika mafunzo ya lugha ndani ya sekondari ya juu. Tatizo ni muda. Masomo ya gymnasium ni lazima yaanzwe kabla ya kumalizika nusu ya kwanza ya mwaka ambao kijana anatimiza miaka 20. Aliyefika na miaka 17 ana muda mfupi wa kujifunza lugha, kufaulu masomo 12, na kuomba nafasi.

Sheria ya shule hutoa msaada ambao wazazi wengi hawaujui. Mwanafunzi anayehitaji anaweza kusaidiwa kuelewa masomo kwa lugha yake ya nyumbani, fizikia ikiwemo. Huu si ule ufundishaji wa lugha ya mama kama somo, ambao manispaa hulazimika kuutoa pale panapokuwa na wanafunzi wasiopungua watano na mwalimu anayefaa. Ni maelezo ya somo lenyewe: mwalimu msaidizi hukaa na mwanafunzi na kumweleza kwa Kiswahili kile kilichofundishwa kwa Kiswidi.

Na aliyepitwa na umri bado ana njia. Shule za watu wazima, zijulikanazo kama Komvux, hufundisha fizikia ya sekondari ya juu bila ada. KTH nayo ina mwaka wa maandalizi kwa wanaokosa hisabati, fizikia na kemia za kutosha. Njia hizo ni ndefu, na wengi huzipita huku wakifanya kazi na kulea familia.

Zaidi ya fomula

Sehemu ya mwisho ya mtaala si ya fomula peke yake. Huitwa tabia ya fizikia, njia zake za kazi na mbinu za kihisabati. Mwanafunzi hutakiwa aweze kuona jambo, kuuliza swali linaloweza kupimwa, kupanga jaribio, kukadiria makosa ya vipimo, na kuwa tayari kukubali kwamba alikosea. Mfano mzuri wa sehemu hiyo ulitokea Tanganyika, katika jokofu la shule.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza malai: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja, akihofia kukosa nafasi, Mpemba aliweka maziwa yake yangali ya moto, wakati mwenzake aliweka ya kwake bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa mjini Iringa, swali lake liligeuzwa mzaha darasani.

Siku moja Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizuru shule hiyo. Mpemba alisimama akamwuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yaliganda kabla ya yale ya nyuzi 35. Wenzake walimcheka. Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Aliporudi chuoni aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la walimu wa fizikia nchini Uingereza. Tangu hapo wanasayansi duniani kote huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema kwamba maji moto hupungua kwa mvuke, au kwamba hujizungusha zaidi chomboni, au kwamba maji baridi huweza kushuka chini ya sifuri kabla hayajaganda. Mwaka 2012, jumuiya ya wanakemia ya Uingereza iliandaa shindano la kutafuta maelezo, na majibu zaidi ya 22,000 yalipokelewa. Mwaka 2016, watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa makini na kusema hawakuiona athari yenyewe, wakionya kwamba hata kuweka kipimajoto juu au chini kidogo kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Mwaka 2020, watafiti nchini Canada walionyesha jambo linalofanana nalo kwa chembe ndogo mno zilizo ndani ya maji.

Mwanafunzi wa Stockholm anaweza kulijaribu hilo nyumbani Januari, kwa kuweka vikombe viwili roshani, mtu mzima akiwa karibu kwa sababu ya maji moto. Sharti lake ni kwamba vikombe viwe sawa, maji yawe kiasi kimoja, vipimajoto viwe katika kina kimoja, na kabla ya kuanza aandike anamaanisha nini anaposema yameganda: ni ule utando wa kwanza wa barafu, au ni pale yote yanapokuwa magumu? Kisha arudie mara nyingi na aandike kila tokeo, hata lile asilolitaka. Akifanya hivyo, na akamwuliza mwalimu wake kwa Kiswidi chochote alichonacho, atakuwa amefanya kile ambacho sehemu hiyo ya mwisho ya mtaala inamtaka afanye.